Sura ya Tisa: Mnyororo wa Siku Thelathini

"Huyo! Kaja!" Mama Glenys alitua kikombe kwa pupa hata chai ikamwagikia kitambaa cha meza. "Njoo uone mwenyewe, Voula. Usije ukasema bibi kizee anaota."

Sajini Voula Karras alivuta kiti akaketi kando yake. Jua la Tansley lilikuwa limeshaanza ukali wake, na feni ya jikoni ilizungusha joto lile lile toka ukuta mmoja hadi mwingine. Juu ya meza, kishikwambi kilikuwa kimeegemezwa kwenye kopo la biskuti. Ndani yake palikuwa na barabara ndefu ya kando ya bahari, na katika barabara hiyo pikapu nyekundu ilikuwa ikienda polepole. Juu ya paa lake lilielea jina la Rhett, na kando ya jina nukta ya kijani, maana yake mwenyewe yuko hewani.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili na robo asubuhi.

Rhett Cullinane, mtoto pekee wa Mama Glenys, alikuwa na miaka thelathini na moja, mtoboa miamba katika mgodi wa Halloran. Siku ishirini na tano zilikuwa zimepita tangu achukue likizo na kuondoka mjini na pikapu yake ya kweli, ambayo nayo ilikuwa nyekundu. Hakuna aliyemwona tena. Simu yake ilikuwa imezimwa. Ila kila siku, bila kukosa hata moja, gari lake lilitokea katika Lami Ndefu, mchezo wa mtandaoni wa kuendesha magari.

Voula alikuwa akiucheka mchezo huo kwa miaka. Hauna adui wala mshindi. Unaendesha tu katika nchi isiyo na mwisho, pamoja na watu usiowajua, na ukikusanya kilomita unafunguliwa gari jipya. Wanaume wa Tansley, watu wanaokalia usukani wa malori ya mawe saa kumi na mbili kwa siku, walirudi vyumbani mwao wakavua viatu na kuendesha tena kwa raha zao. Sasa hakuwa akiucheka tena. Faili zima la Rhett Cullinane lilisimama juu ya nukta moja ya kijani.

"Namfuata," alisema Mama Glenys, ulimi ukichungulia kwenye pembe ya mdomo. Alikuwa na miaka sitini na saba, na alijifunza kucheza kwa ajili ya jambo hili moja. Kivani chake cheupe, kigari cha mizigo cha mchezoni, kilipanda ukingo wa barabara, kikagonga nguzo, kikarudi lamini. "Shenzi kabisa hii kona. Kila siku hii hii."

"Umemwandikia?"

"Kila siku. Hajibu. Namwambia, mwanangu, sikudai maelezo, niandikie neno moja tu." Alikaza macho kwenye kioo. "Lakini siku ya kumi na nne tangu aondoke aliniwashia taa. Mara mbili. Nililia kama mtoto, Voula, nakwambia ukweli."

Voula aliijua habari ya taa. Aliisikia mara nne. Ndani ya faili alikuwa ameiandika kuwa ni ishara ya makusudi kutoka kwa mtu aliye hai.

Pikapu ilikipita kilima, na mnara wa taa wa baharini ukatokea, mweupe, wenye mistari miwili myekundu. Ikaupita, ikazunguka, ikarudi.

"Hapigi honi," Voula alisema.

"Siku hizi hapigi."

"Siku za nyuma alikuwa akipiga?"

"Weee! Mara mbili, kila apitapo. Ule mnara ni kama wa kule tulikokwenda likizo na marehemu baba yake kuvua samaki. Alikuwa akimsalimia. Nilikuwa nikilala chumba cha pili nasikia pi-pii, najua mwanangu kafika mnarani." Mama Glenys alifuta chai mezani kwa mkono. "Ameninunia mimi, amemnunia na baba yake. Sijui tulimkosea nini."

Pikapu ilisimama kando ya barabara. Nukta ya kijani ikageuka kijivu.

"Basi, kaenda," Mama Glenys alisema.

"Amekwenda kilomita ngapi?"

"Kumi. Ndizo zinazotakiwa. Ni mnyororo wa siku thelathini, ukiendesha kilomita kumi kila siku bila kuruka, unafunguliwa Kingswood ya njano, gari la zamani. Ukiruka siku moja tu, unaanza upya. Baba yake alikuwa nayo ya kweli, ya njano vile vile, tuliiuza tukalia. Aliuanza siku tatu kabla hajaondoka, leo ni siku ya ishirini na tisa." Uso wa mama ukachangamka. "Kesho linafunguka. Kesho hawezi kunyamaza, Voula. Hata kama ananichukia, kesho atasema neno."

"Hajawahi kuzidisha? Kumi na moja? Ishirini?"

"Zamani alikuwa akikesha. Siku hizi kumi tu, halafu huyo."

Voula aliitazama ile nukta ya kijivu. Mtu anayependa kuendesha haishii kwenye kilomita ya kumi kamili. Anayeishia hapo ni mtu anayetimiza kibarua.

"Mama Glenys, unaandika saa anazoingia?"

"Nitaacheje?" Alifungua droo akatoa daftari la shule. Tarehe zilipangwa kwa mwandiko wa mtu aliyelelewa na masista. Voula alipitisha kidole. Siku za mwanzo, hadi Jumanne, saa kumi na mbili na robo jioni. Wiki ya pili, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ya tatu, jioni tena. Ya nne, asubuhi. Mabadiliko yote yaliangukia Jumatano.

Voula alikuwa ameolewa na mchimbaji kwa miaka tisa. Kwa maneno mengine, alikuwa ameolewa na ratiba ya zamu kwa miaka tisa, na aliijua kama watu wanavyoijua sala. Wiki moja mchana, wiki moja usiku. Zamu inakatika saa kumi na mbili. Robo saa ya kuvua viatu na kujitupa kitandani.

"Naomba hili daftari," alisema.

"Kuna nini?"

"Sijui bado, Mama."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku hiyo. Alikuwa ameanza kujua.

*

Kituoni, Konstebo Tully alikuwa na simu sikioni na kipande cha mkate mkononi. Alikuwa kijana makini, hodari wa kuuliza alichotumwa kuuliza, na hakuongeza.

"Migodi mitano inakata zamu saa kumi na mbili, Sajini," alisema akiweka simu chini. "Minne inageuza wiki Jumatatu. Mmoja Jumatano."

"Upi?"

"Halloran. Wa kina Rhett wenyewe." Tully aliacha kutafuna. "Lakini Rhett hayuko Halloran. Pale kila mtu anamjua. Angeingia bwaloni wangemwona."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo…"

"Kwa hiyo anayeendesha ile pikapu si Rhett."

Voula alifungua faili kwenye ukurasa asioupenda. Rhett aliondoka Ijumaa, akamwambia mama yake kuwa Jumapili atakuwepo waende kaburini kwa baba, kama kila mwaka. Jumapili hakutokea. Siku hiyo hiyo, siku ya tatu, Mama Glenys alikuja kituoni na kusema mwanawe amepatwa na jambo porini, maana kifaa chake cha kusakia dhahabu hakikuwepo. Voula aliomba ndege ya kutafuta. Ndege ikapangwa iruke Jumatatu alfajiri. Jumatatu, kabla haijaruka, Mama Glenys alirudi mbio na kishikwambi kifuani, analia na kucheka kwa pamoja: jirani kamwonyesha, Rhett aliingia mchezoni jana jioni, yu hai!

Hapo ndipo Voula alipofanya hesabu yake, na ilikuwa hesabu safi. Porini hakuna mtandao. Aliye hewani hayuko porini. Tully alimpigia simu rafiki wa Rhett anayelala naye chumba kimoja kambini, na rafiki akasema jamaa kaenda pwani. Voula akaandika: mtu mzima, ameondoka kwa hiari yake. Akasaini. Ndege ikabaki chini.

Hata wiki iliyopita, barua ya wenye mchezo ilipokuja na kusema akaunti inaingia kupitia mtandao wa setilaiti unaotumiwa na kambi za migodi, Voula aliikunja iingie kwenye hesabu ile ile. Rhett kajificha kambini kwa jina la uongo. Alipoteza siku sita akipigia kambi simu, akiulizia mtoboa miamba mwenye kovu kidevuni. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye alikuwa akitazama kitu kimoja kwa macho yote mawili.

"Yule rafiki anaitwa nani?" aliuliza.

"Apisai Nawaqa. Mfiji. Sajini, mimi nilimuuliza vizuri kabisa…"

"Sikulaumu, Tully. Washa gari."

*

Apisai Nawaqa alikuwa ametoka zamu ya usiku na kuamka tena kwa njaa. Walimkuta bwaloni peke yake, mtu mkubwa mwenye mikono ya kubebea milango, mbele yake mayai manne na soseji. Alisimama kumsalimia Voula, akafuta kiti kwa kiganja kabla hajaketi mgeni.

"Karibu, Sajini. Nani kaiba nini?"

"Hakuna aliyeiba. Unacheza Lami Ndefu, Apisai?"

"Nani hachezi? Hata mpishi anacheza, ndiyo maana mayai yameungua." Kutoka jikoni sauti ikamtukana, naye akacheka.

"Wewe unaendesha nini?"

"Basi la shule. Usicheke, Sajini, nimelihangaikia miezi miwili lile basi."

"Na pikapu nyekundu?"

"Aa, ile ya jamaa yangu Rhett. Namshikia tu."

"Unamshikia nini?"

"Mnyororo." Alimtazama kama mtu aliyeulizwa kijiko ni cha nini. "Hapa tunashikiana. Mtu akienda pasipo mtandao, anakuachia neno lake la siri, unamwendeshea kilomita zake kumi ili mnyororo usikatike. Nilipokwenda kumzika baba yangu kisiwani, Rhett alinishikia siku kumi na sita. Anatoka zamu amekufa kwa uchovu, anaendesha yangu kwanza ndipo ya kwake. Mtu kama huyo nitamwachia mnyororo wake ukatike?"

Voula aliweka mikono yote miwili juu ya meza. "Kwa hiyo alikwenda pasipo mtandao."

Kicheko kilimtoka Apisai usoni. Alikata kipande cha soseji, hakukila.

"Mambo ya Rhett muulize Rhett, Sajini."

"Konstebo Tully alikuuliza kwa simu. Ulimwambia yuko pwani."

"Yule alikuwa polisi kweli?" Alimgeukia Tully. "Ni wewe? Samahani, mkubwa. Lakini huku kila wiki anapiga mtu, leo polisi, kesho benki, keshokutwa daktari, na wote wanataka kujua fulani anasakia dhahabu wapi. Mwaka jana walimdanganya mke wa mpishi kuwa mumewe kaumwa na nyoka, akawaelekeza mpaka kwenye kichaka chenyewe chenye dhahabu. Walipofika wakakuta mzima, wakachota kila kitu. Rhett aliniapisha. Nikiulizwa, pwani."

Voula aliyajua hayo. Alizaliwa Tansley. Babu yake mwenyewe alikufa na siri ya kichaka chake, na familia nzima ilijivunia hilo mazishini. Katika mji ule mtoto anafundishwa kunyamaza kuhusu dhahabu kabla hajafundishwa kusema asante.

"Alikwambia atarudi lini?"

"Baada ya wiki mbili hivi. Atatoka Jumapili moja kwenda kwa mzee wake kaburini, halafu anarudi. Wiki mbili zikapita, nikasema jamaa kapata. Ukipata hutoki. Nikasema acha mwanaume ajichotee." Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Kwani vipi?"

"Jumapili ile hakutokea. Mama yake alikuja kutoa taarifa siku hiyo hiyo."

"Siku ya tatu?" Uma ulianguka sahanini. "Siku ya tatu, na leo ni wiki ya nne? Mbona hatukusikia? Hamkubandika hata picha!"

"Hatukubandika."

"Kwa nini?"

Tully aliinamia viatu vyake. Voula angeweza kusema utaratibu, angeweza kusema sheria ya watu wazima. Hakuona haya kusema ukweli. Aliona haya kwamba aliuchelewesha.

"Kwa sababu alikuwa hewani kila siku," alisema.

Ilimchukua Apisai muda. Voula alimwona akiyafuata maneno yale mpaka yalipomfikisha. Mtu mkubwa yule alishika ukingo wa meza kama anayeshika mashua.

"Mimi ndiye niliyekuwa hewani," alisema.

"Najua."

"Dada, ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa hewani!"

"Apisai, nisikilize. Pikapu nyekundu iliwasha taa mara mbili, siku ya kumi na nne. Kwa nini?"

"Taa?" Alifuta macho kwa mkono wa shati. "Kuna kivani cheupe kinanifuata. Kila siku. Kinagonga nguzo, kinapanda kingo. Nilidhani mtoto fulani anajifunza. Nikamwashia taa afurahi."

Hakuna aliyemweleza. Voula alisukuma mbele yake kitambaa cha karatasi na kalamu.

"Nichoree kichaka cha Rhett. Sasa hivi."

Safari hii Apisai hakufikiria kiapo. Alichora ziwa la chumvi la Merrow, boma la kale la kondoo upande wa kaskazini, na njia ya kulizunguka ziwa. Alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika. Halafu akachora mstari wa nukta uliokatiza ziwa katikati.

"Hii ni nini?"

"Njia ya mkato. Juu ya chumvi. Nilimwambia asiipite baada ya mvua." Aliweka kalamu chini. "Mvua ilinyesha Alhamisi ile."

*

Ndege iliruka saa tano na dakika tano. Voula aliangalia saa yake kwa sababu alikuwa mtu wa kuangalia saa, na baadaye alijuta. Rubani aliita redioni saa tano na dakika ishirini na tatu. Dakika kumi na nane. Ndege aliyoizuia ilihitaji dakika kumi na nane.

"Naona turubai la bluu," rubani alisema. "Limetandikwa juu ya chumvi, limewekewa mawe. Naona pikapu nyekundu, imezama mpaka tumboni. Kuna kioo juu ya boneti, kinanipiga machoni."

"Kuna mtu?"

Redio ilikwaruza. "Hakuna anayepunga mkono, Sajini."

Walitembea mita mia nane za mwisho, chumvi ikivunjika chini ya viatu kama mkate mkavu. Voula alimwambia Apisai abaki ukingoni na Tully. Apisai akabaki, akapiga magoti papo hapo, akaanza kuomba kwa lugha yake.

Rhett alikuwa amelala kwenye kivuli cha pikapu, juu ya godoro lake jembamba, kofia usoni. Alikuwa amekufa siku nyingi. Voula aliinua kofia, akaliona kovu la kidevuni, akairudisha. Kisha alifanya kazi yake. Alihesabu matairi manne yaliyochomwa moja moja, nyaya zao zikiwa zimebaki duara juu ya chumvi. Alihesabu madumu ya maji, yote yakiwa yamekatwa na kisu ili tone la mwisho lipatikane. Alipiga picha turubai na kioo. Kila mtoto wa shule ya Tansley huimbishwa somo moja: ukikwama, usiliache gari lako, watakaokutafuta wataliona gari kabla hawajakuona wewe. Rhett Cullinane hakukosea hata hatua moja. Alilitega jangwa lote ili aonekane, akakaa kivulini kumngoja mtu aliyekwisha kusaini kwamba yeye Rhett hataki kutafutwa.

Nyuma ya ramani, chini ya kioo cha mbele, alikuwa ameandika kwa penseli. Voula alisoma akiwa amesimama juani.

*Siku ya 1. Nimekwama, mjinga mimi. Maji lita thelathini. Nakaa na gari.*

*Siku ya 3. Leo Mama ataona sijaenda kwa Baba. Ataenda polisi. Pole Mama.*

*Siku ya 4. Leo ndege. Nimechoma tairi la kwanza.*

*Siku ya 5. Labda kuna upepo huko. Leo basi.*

*Siku ya 7. Api anajua niliko. Wakimuuliza Api tu yamekwisha.*

*Siku ya 9. Nimesikia ndege, kumbe siyo.*

Mstari wa mwisho ulikuwa wa siku ya kumi na moja, herufi kubwa zilizolegea kama za mtoto.

*Bado niko na gari.*

Voula aliiweka ramani ndani ya mfuko wa ushahidi, akaufunga, akaandika tarehe na jina lake. Jina lake lilikuwa pia chini ya ile karatasi ya siku ya nne iliyozuia ndege, kwa kalamu hiyo hiyo. Aliitazama saini yake na kutamani mkono ungekatika kabla. Alilia kidogo, mgongo ukiwa umewaelekea wengine, halafu akaita gari la kubebea maiti.

*

Jua lilikuwa likizama alipofika kwa Mama Glenys. Harufu ya keki ilimpokea mlangoni. Ilikuwa juu ya meza, imepakwa sukari ya njano, na Mama Glenys alikuwa akibandika magurudumu manne ya biskuti.

"Usiguse, ni ya kesho," alisema bila kugeuka. "Nimewaalika majirani wawili tu, wasijae. Gari likifunguka nimwimbie. Nimefanya mazoezi mchana kutwa, Voula, ile kona nimeishinda! Nitamtangulia, nimsubiri pale mnarani kwa baba yake. Akipita nampigia honi mimi. Hapo atakosa kujibu?"

Kishikwambi kilikuwa kimeegemezwa kwenye kopo lake. Kivani cheupe kilikuwa kimeegeshwa chini ya mnara wa taa, sawasawa, ndani ya mistari.

"Mama Glenys, naomba uketi."

Alimgeukia sasa. Aliona chumvi kwenye viatu, kwenye suruali, mpaka magotini. Watu wa Tansley hawahitaji kuelezwa chumvi hiyo inatoka wapi.

"Kesho ni siku ya thelathini," Mama Glenys alisema kwa sauti ndogo.

"Tumempata Rhett. Kwenye ziwa la Merrow. Gari lilikwama. Amefariki, Mama, na si leo wala jana. Alifariki wiki mbili zilizopita. Ulikuja kwangu siku ya tatu ukaniambia yuko porini, na ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyezuia ndege."

Mama Glenys hakupiga kelele. Alishika gurudumu moja la biskuti, akalitazama, akaliweka mahali pake kwenye keki. Vidole vilikuwa na sukari ya njano. Kisha alikitazama kishikwambi, kile kivani kinachosubiri, na barabara tupu iliyonyooka kando ya bahari.

"Wiki mbili," alisema. "Hapana. Wiki mbili haiwezekani, mwanangu. Leo asubuhi alikuwa hapa, umemwona na wewe." Alimshika Voula mkono, akaukamua kwa nguvu ambazo Voula hakujua anazo. "Siku ya kumi na nne aliniona. Alinijua. Basi aliyeniwashia taa ni nani?"

Voula alitazama dirishani. Nje ya geti, kando ya gari la polisi, Apisai alikuwa amesimama na kofia mikononi. Alikuwa ameomba mwenyewe kuja, na sasa hakuthubutu kuingia.

"Ni yule pale," Voula alisema. "Hakujua kuwa ni wewe."